SOMO LA MWEZI: Busta ya kuni, maji moto bila moshi mwingi na bila hatari

Saa kumi na moja alfajiri, kabla geti la mpaka halijajaa malori, shughuli ya kwanza katika nyumba nyingi za wageni za Busia na Malaba ni moja: kupasha maji. Dereva aliyelala foleni anataka kuoga kabla ya kuvuka kwenda Tororo. Mlinzi anakokota kuni mbichi, pipa liko juu ya mawe matatu, moshi unaingia dirishani kwa jirani, na dakika 40 baadaye maji bado ni vuguvugu. Hali ni hiyo hiyo katika shule za bweni, na katika boma nyingi kutoka Busibwabo hadi Port Victoria ambako mama hupasha ndoo tatu kila jioni kwa ajili ya watoto na wazee.

Katika nchi za baridi kali, kama maeneo ya kaskazini ya Marekani na Kanada, watu hupasha nyumba nzima kwa boila ya kuni iliyojengwa nje. Maji hupashwa moto kwenye kibanda uani, hupita chini ya ardhi kwa mabomba, kisha huingia ndani na kutoa joto vyumbani. Busia, iliyo karibu na ikweta, haihitaji kupasha vyumba. Hata hivyo Kenya ina ndugu wa mtambo huo, na mafundi wanamjua kwa jina la kuni busta: mtambo wa kuni unaokaa nje ya nyumba na kupeleka maji moto hadi kwenye mfereji wa bafuni. Umetumika kwa miaka mingi katika nyumba za mashamba, shule, misheni na kambi za watalii.

Busta nzuri hula kuni kidogo na kuondoa moshi jikoni. Iliyojengwa vibaya inaweza kupasuka na kuua. Somo hili linaeleza tofauti ya hizo mbili.

MALENGO YA SOMO

Msomaji akimaliza somo hili ataweza:

1. Kueleza jinsi busta ya kuni inavyofanya kazi.
2. Kutambua makosa matano yanayohatarisha maisha.
3. Kukausha kuni ipasavyo na kujua zimekauka lini.
4. Kukadiria kiasi cha kuni kinachohitajika kwa siku.
5. Kuamua kama busta inamfaa au kama kuna njia bora zaidi.

SEHEMU YA 1: BUSTA INAVYOFANYA KAZI

Busta ya kawaida ina sehemu sita.

Ya kwanza ni chumba cha moto. Hiki hujengwa kwa matofali ya kuchoma, na huwa na mlango wa kuingizia kuni. Chini yake kuna chanja ya chuma inayobeba kuni, na chini ya chanja kuna nafasi ya hewa kuingia na majivu kudondoka.

Ya pili ni silinda ya chuma. Hukaa juu ya chumba cha moto na ina tundu pana linalopita katikati kutoka chini hadi juu. Moto na moshi hupanda kupitia tundu hilo huku maji yakiwa yamelizunguka. Baadhi ya mafundi hutumia bomba la chuma lililozungushwa kama chemchemi ya godoro badala ya silinda. Kanuni ni ile ile: chuma kikiguswa na moto upande mmoja na maji upande wa pili, joto huhama.

Ya tatu ni dohani, yaani chimni. Hewa moto ni nyepesi, hivyo hupanda. Ikipanda, huvuta hewa mpya kupitia chini ya chanja. Ndiyo maana busta yenye dohani fupi hufuka moshi mlangoni, na yenye dohani ndefu iliyonyooka huwaka vizuri.

Ya nne ni tangi la maji baridi. Hukaa juu, kwenye mnara au darini, likiwa na boya la kuzuia maji yasifurike. Maji hushuka kwa uzito wake na kuingia chini ya silinda.

Ya tano ni bomba la maji moto. Hutoka sehemu ya juu kabisa ya silinda, kwa sababu maji moto hupanda na kukaa juu ya yale baridi. Mtu akifungua mfereji bafuni, maji baridi huingia chini na kuyasukuma yale moto yatoke.

Ya sita ni bomba la kupumulia. Huanzia juu ya silinda na kupanda wima hadi kupita usawa wa maji katika tangi la baridi, kisha hupinda kama shingo ya bata na kuelekea ndani ya tangi hilo. Mdomo wake huwa wazi saa zote. Sehemu hii haipeleki maji bafuni, na huenda ndiyo sababu wengi huiacha ili kupunguza gharama. Ndiyo sehemu muhimu kuliko zote.

SEHEMU YA 2: KWA NINI BUSTA HUPASUKA

Maji yakipashwa hutanuka. Silinda ya lita 100 iliyojaa maji ya nyuzi 24 ikifikia karibu na kuchemka, maji hayo huhitaji nafasi ya zaidi ya lita tatu na nusu za ziada. Yasipopata pa kwenda, yatasukuma chuma.

Mvuke ni mkali zaidi. Lita moja ya maji ikigeuka mvuke katika hewa ya kawaida huhitaji nafasi ya zaidi ya lita 1,600. Katika chombo kilichofungwa, nguvu hiyo hukusanyika hadi mahali dhaifu paachie. Hapo chuma, matofali na maji ya moto hurushwa kwa pamoja. Mtu aliyeinama mlangoni akichochea kuni ndiye wa kwanza kuumia, na mara nyingi mtu huyo ni mfanyakazi, mama au mtoto.

Haya ndiyo makosa matano ya kuepukwa.

Kosa la kwanza: kuacha bomba la kupumulia, au kulifunga. Wengine huliziba kwa kuona linadondosha maji. Bomba linalodondosha maji moto linaonyesha kwamba moto umezidi au bomba halijapanda vya kutosha juu ya usawa wa maji tangini. Punguza kuni au refusha bomba kwenda juu. Bomba lenyewe lisiwekwe koki, kizibo wala vali ya aina yoyote.

Kosa la pili: kuunganisha busta moja kwa moja na bomba la maji ya mji. Shinikizo la maji hayo hubadilika, na siku yakikatika silinda inaweza kubaki tupu juu ya moto. Maji yaingie kwanza kwenye tangi, kisha yashuke.

Kosa la tatu: kuweka vali ya kuzuia maji yasirudi kwenye bomba la maji baridi. Maji yanayotanuka yanapaswa kuweza kurudi nyuma kuelekea tangini. Koki ya kufungia wakati wa matengenezo inaruhusiwa, lakini iwe wazi kabisa kabla ya kiberiti kuwashwa.

Kosa la nne: kuwasha moto bila kuhakikisha kuna maji. Kila siku, kabla ya kuwasha, fungua mfereji wa maji moto na usubiri maji yatiririke bila kukatika. Ikitokea maji yameisha na moto unawaka, usifungue maji baridi ghafla. Chuma kilichoiva kikikutana na maji baridi hutoa mvuke mwingi kwa mara moja na kinaweza kupasuka. Ondoa kuni, ondoka karibu, acha mtambo upoe wenyewe.

Kosa la tano: kutumia bomba la plastiki la kawaida karibu na silinda. Bomba hilo hulainika kwa joto na kuachia kwenye maungio. Mita za kwanza kutoka kwenye silinda, pamoja na bomba lote la kupumulia, ziwe za chuma. Mbele zaidi inaweza kutumika plastiki iliyotengenezwa mahususi kwa maji moto. Muulize muuzaji wa hadiwea akuonyeshe maandishi yaliyochapishwa kwenye bomba lenyewe.

Kuna hatari nyingine ndogo lakini ya kila siku. Maji ya nyuzi 60 huunguza ngozi ya mtu mzima kwa muda wa sekunde chache, na ya mtoto kwa haraka zaidi. Katika ndoo au beseni, weka maji baridi kwanza, kisha ongeza moto. Maji ya kuoga yanayopendeza ni ya nyuzi 38 hadi 40.

SEHEMU YA 3: MAHALI NA UJENZI

Faida kubwa ya busta ni kukaa nje. Moshi wa kuni una chembe ndogo sana zinazofika ndani kabisa ya mapafu, pamoja na gesi ya kaboni monoksidi isiyo na harufu wala rangi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 watu milioni 3.2 walikufa duniani kutokana na hewa chafu ya majumbani, inayotokana zaidi na kupikia kuni, mkaa na mafuta ya taa. Jambo hili linagusa Kenya moja kwa moja, kwani sensa ya mwaka 2019 ilionyesha kuwa zaidi ya nusu ya kaya nchini hupikia kuni.

Lakini kuhamisha moshi kutoka jikoni kwako hadi chumbani kwa jirani hakujatatua jambo. Kabla ya kujenga, simama mahali ulipopachagua asubuhi na jioni kwa siku kadhaa na uangalie upepo unaelekea wapi. Epuka kuweka busta chini ya dirisha la yeyote. Iwe mbali na nyumba ya nyasi, na mbali na ghala la kuni, mafuta au chakula cha mifugo. Dohani ipande kupita paa la nyumba iliyo karibu, ikiwa na kofia ya kuzuia mvua.

Wakati huo huo, usiiweke mbali mno na bafu. Kila mita ya bomba hupoteza joto, na maji yaliyolala ndani ya bomba refu hupoa na kumwagwa kila mtu anapofungua mfereji. Funika bomba la maji moto kwa sponji maalumu ya mabomba.

Kwa matofali, Busia haina upungufu. Tanuri za matofali zimetapakaa katika kaunti nzima. Chagua yaliyoiva vizuri, yanayotoa mlio yakigonganishwa. Tatizo huwa kwenye kiunganishi. Simenti ya kawaida hupasuka na kumung'unyika ikikaa karibu na moto. Kwa ukuta wa ndani unaoguswa na miali, tumia udongo wa kichuguu uliochanganywa na mchanga na kukandwa vizuri, kama wanavyofanya mafundi wa majiko ya udongo. Simenti ibaki kwa ukuta wa nje na msingi.

Kila busta iwe na koki ya chini ya kumwagia maji yote. Maji ya visima katika sehemu nyingi huacha ukoko mweupe ndani ya silinda. Ukoko huo hukaa kati ya moto na maji kama blanketi, kwa hiyo kuni huongezeka na chuma huungua. Kumwaga maji ya chini mara moja kwa mwezi, mtambo ukiwa baridi, huondoa tope kabla halijaganda.

SEHEMU YA 4: KUNI KAVU

Mti uliokatwa leo unaweza kuwa na maji yanayofikia karibu nusu ya uzito wake. Anayenunua kilo 20 za kuni mbichi ananunua pia karibu lita kumi za maji, na moto wake utalazimika kuyachemsha maji hayo kwanza kabla ya kufikiria yale ya kuoga. Kilo moja ya kuni zilizokauka vizuri hutoa takriban megajuli 16 za joto. Kilo moja ya kuni mbichi hutoa karibu nusu ya hiyo. Zaidi ya hapo, mvuke hupoza chumba cha moto, gesi za kuni hazimaliziki kuungua, na zinatoka kama moshi mzito unaoacha lami nyeusi ndani ya dohani. Lami hiyo ikikusanyika inaweza kushika moto.

Kukausha kuni ni kazi ya kalenda kuliko ya nguvu. Mvua za masika Busia huanza karibu na Machi, na kiangazi kirefu huwa Desemba hadi Februari. Anayekata na kupasua kuni mwezi wa Desemba atakuwa na za kutosha mvua zikianza. Anayesubiri hadi Aprili atapasha maji kwa moshi.

Hatua ni hizi:

- Kata kwa urefu unaoingia kwenye mlango wa busta bila kubaki nje.
- Pasua. Gome huzuia maji yasitoke. Gogo zima huchelewa mno kukauka. Unene wa kifundo cha mkono unatosha.
- Panga juu ya mawe au fito, zisiguse ardhi.
- Funika juu kwa mabati, lakini acha pande wazi upepo upite. Turubai iliyofunika kila upande huozesha kuni.
- Tumia zilizotangulia kukauka kwanza.

Kujua kama zimekauka hakuhitaji chombo cha bei. Kuni kavu huwa na nyufa kwenye ncha, huwa nyepesi, na mbili zikigonganishwa hutoa mlio mkali. Kwa uhakika zaidi, chagua kipande kimoja, kitie alama ya rangi na ukipime kwenye mizani ya dukani kila wiki. Uzito ukiacha kupungua, kuni zimekauka.

Magunzi ya mahindi nayo ni kuni nzuri yakikauka. Huwaka haraka na yanafaa kuanzishia moto. Visitumike kamwe: plastiki, mipira ya magari, mbao zilizopakwa rangi, na nguzo kuukuu za stima au ua zilizotiwa dawa. Moshi wake una sumu, na majivu yake pia.

SEHEMU YA 5: NAMNA YA KUENDESHA MOTO

Hapa kuna funzo kutoka Marekani. Boila za nje za huko zilienea sana, kisha zikaleta ugomvi kati ya majirani. Nyingi zilijengwa zijazwe magogo makubwa, halafu hewa ifungwe moto ufukute kwa saa nyingi. Moto unaofukuta hutoa moshi mwingi kuliko joto, na dohani zake zilikuwa fupi. Mwaka 2015 shirika la serikali ya nchi hiyo linalosimamia mazingira lilitoa kanuni zinazowekea boila mpya kikomo cha moshi, na kikomo kikali zaidi kikaanza kutumika mwaka 2020. Mitambo ya kisasa huko huunguza kuni kwa moto mkali na wa muda mfupi, kisha huhifadhi joto ndani ya tangi kubwa la maji.

Kanuni hiyo inafaa Busia bila kubadilishwa: moto mdogo, mkali, wa muda mfupi. Weka vipande vitatu au vinne vyembamba, si gogo moja. Acha nafasi ya hewa kati yake. Sukuma ndani kadri vinavyoungua. Moshi unaotoka juu ya dohani ukiwa mweusi au wa kijivu kizito, kuni ni nyingi mno, hewa ni kidogo, au kuni ni mbichi. Ukiona hewa tu inayocheza juu ya dohani, moto uko sawa.

Badala ya kuacha moto ukifukuta usiku kucha ili wageni wapate maji alfajiri, hifadhi maji yenyewe. Maji moto yapelekwe kwenye tangi la chuma lililowekwa ndani ya kasha la mbao, na nafasi kati yake ijazwe maganda makavu ya mpunga au vumbi kavu la mbao, mbali na chumba cha moto. Kasha lifunikwe lisiloweshwe na mvua. Tangi hilo nalo liunganishwe na bomba la kupumulia lililo wazi.

Majivu yatolewe asubuhi, kabla ya kuwasha tena, na yawekwe kwenye ndoo ya chuma yenye kifuniko. Makaa yaliyofunikwa na majivu yanaweza kubaki moto kwa zaidi ya siku moja. Yakipoa kabisa, kiasi kidogo kinafaa shambani kupunguza ukali wa udongo wenye asidi.

SEHEMU YA 6: HESABU YA KUNI

Chukua mfano wa nyumba ya wageni inayohitaji lita 200 za maji ya nyuzi 60 kila asubuhi. Maji ya tangini yana nyuzi 24.

Lita moja ya maji huhitaji takriban kilojuli 4.2 ili kupanda nyuzi moja. Basi:

200 × (60 − 24) × 4.2 = kilojuli 30,240, yaani karibu megajuli 30.

Tuseme pipa la wazi juu ya mawe matatu linaingiza majini sehemu 15 tu kati ya kila 100 za joto la kuni. Kwa kuni kavu za megajuli 16 kwa kilo, kila kilo itaingiza megajuli 2.4. Kilo zitakazohitajika ni 30 ÷ 2.4, yaani 12.5.

Tuseme busta iliyojengwa vizuri inaingiza sehemu 45 kati ya 100. Kila kilo itaingiza megajuli 7.2, na kilo zitakazohitajika ni karibu 4.2.

Tofauti ni zaidi ya kilo nane kwa siku. Kwa mwezi wa siku 30 ni karibu kilo 250 za kuni ambazo hazikununuliwa, hazikubebwa kichwani wala kukatwa. Busta hiyo hiyo ikilishwa kuni mbichi itahitaji angalau kilo nane, kwa hiyo karibu nusu ya faida yote itakuwa imepotelea kwenye unyevu.

Lita 200 hizo zinatosha watu wangapi? Zikichanganywa na maji baridi hadi nyuzi 40 zinakuwa lita 450. Kwa ndoo ya lita 20 kila mmoja, ni watu 22.

Takwimu za 15 na 45 ni za mfano. Kila mwenye busta anaweza kupata yake: apime kuni kabla ya kuwasha, apime joto la maji mwanzo na mwisho kwa kipimajoto, kisha afanye hesabu hiyo hiyo kinyumenyume. Walimu wa sayansi wanaweza kuwapa wanafunzi wa shule za bweni zoezi hili kwa kutumia jiko la shule yao.

SEHEMU YA 7: JE, BUSTA INAKUFAA?

Mtu mmoja kuoga ndoo ya lita 20 ya nyuzi 40 huhitaji chini ya nusu ya yuniti moja ya stima. Kwa familia ya watu watatu yenye stima ya uhakika, shawa ya umeme iliyofungwa na fundi mwenye leseni huenda ikawa nafuu kuliko gharama ya kujenga busta na kununua kuni. Kwa wenye uwezo wa kulipa gharama ya mwanzo, mtambo wa jua unaifaa Busia, kwa kuwa jua lipo karibu mwaka mzima, na baada ya kununuliwa haudai kuni wala yuniti. Nyumba nyingine hufunga vyote viwili: jua kwa siku nyingi, busta kwa siku za mawingu.

Busta inafaa zaidi panapohitajika maji mengi kwa wakati mmoja, stima haipo au hukatika, na mwenyewe ana miti yake. Nyumba za wageni, shule za bweni na boma kubwa ziko katika kundi hili. Familia inayopasha ndoo mbili kwa siku itafaidika zaidi na jiko bora la kuni lenye dohani, ambalo gharama yake ni ndogo na pia hupika.

Sharti la mwisho ndilo zito. Katiba ya Kenya, kifungu cha 69, inaitaka serikali ifanye kazi ya kufikia na kudumisha miti katika angalau asilimia kumi ya ardhi ya nchi. Busta inayotegemea miti ya wengine inakula akiba ya wote. Mwenye nayo apande kabla ya kujenga. Kaliandra huchipuka tena baada ya kukatwa, hutoa kuni nyembamba zisizohitaji kupasuliwa, na majani yake ni chakula cha ng'ombe na mbuzi. Mgrevilea hustahimili kupunguzwa matawi ukiwa umesimama mpakani mwa shamba. Lusiola, mti wa asili unaojulikana sana magharibi mwa Kenya, nao huchipuka ukikatwa. Mikaratusi hukua haraka, lakini isipandwe kwenye chemchemi wala kando ya mito kama Sio na Malaba.

WAJIBU WA MKAZI NA WA KAUNTI

Chini ya Jedwali la Nne la Katiba, udhibiti wa uchafuzi wa hewa na huduma za kuzima moto ni miongoni mwa majukumu ya serikali za kaunti. Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, nayo inahesabu dohani inayotoa moshi wa kudhuru kuwa kero. Jirani anayesumbuliwa ana haki ya kulalamika kwa afisa wa afya ya umma. Lakini mazungumzo ya ua kwa ua, pamoja na mita moja ya kuongeza dohani, mara nyingi hutosha.

Mwenye nyumba ya wageni au msimamizi wa shule ambaye tayari ana busta anaweza kuanza leo, mtambo ukiwa baridi. Apande ngazi akaangalie kama bomba la kupumulia lipo, kama linapita usawa wa tangi, na kama mdomo wake uko wazi. Lisipokuwepo, au likiwa limezibwa, moto usiwashwe hadi fundi alirekebishe. Wageni watavumilia siku mbili za maji baridi.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini bomba la maji moto hutoka juu ya silinda na la maji baridi huingia chini?
2. Bomba la kupumulia linadondosha maji. Taja hatua mbili sahihi na moja ambayo haifai kuchukuliwa kamwe.
3. Maji yameisha na moto unawaka. Utafanya nini?
4. Shule inahitaji lita 400 za maji ya nyuzi 60 kutoka nyuzi 24. Busta yake inaingiza sehemu 45 kati ya 100. Itahitaji kilo ngapi za kuni kavu?
5. Taja ishara tatu za kuni zilizokauka.

MAJIBU

1. Maji moto ni mepesi, hupanda na kukaa juu. Ya baridi huyasukuma kutoka chini. 2. Punguza kuni au refusha bomba kwenda juu, usizibe bomba. 3. Ondoa kuni, ondoka karibu na uache mtambo upoe. Usiingize maji baridi. 4. Karibu kilo 8.4. 5. Nyufa kwenye ncha, wepesi, na mlio mkali zikigonganishwa.

Wakazi wanaopanga kujenga wanashauriwa kuanzia katika ofisi ya msimamizi wa wadi, ambako wataelekezwa kwa maafisa wa afya ya umma, wa ujenzi na wa misitu. Wasioweza kusoma somo hili wasomewe, hasa wale ambao kazi yao ya kila alfajiri ni kuchochea moto.